Namna ya Kufungua Maneno Marefu ya Kiingereza ya Tiba kwa Kutazama Herufi Yanazochangia

Ugonjwa wa kichocho kwa Kiingereza huitwa “schistosomiasis”, na malale huitwa “trypanosomiasis”. Kila moja ya maneno haya mawili lina herufi 15, na herufi 9 za mwisho, yaani “osomiasis”, ni zile zile katika yote mawili. Mwanafunzi anayeyakariri kila moja peke yake hubeba herufi 30 kichwani, ilhali mwenzake aliyekwisha kuuona mkia huo wa pamoja hubaki na kazi ya kutofautisha herufi 6 tu za mwanzo, yaani “schist” na “trypan”. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi na ghafla akaikuta kwa Kiingereza, kwa ajili ya mwanafunzi wa uuguzi, na kwa ajili ya yeyote aliyewahi kurudi nyumbani kutoka hospitali na karatasi yenye neno refu ambalo hakulielewa, ingawa lilihusu mwili wake mwenyewe.

Kabla ya yote, ni vyema kukumbuka kwamba mzungumzaji wa Kiswahili tayari anaijua kazi hii. Neno “hawatatuandikia” lina herufi 15 vilevile, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayelikariri kama kitu kimoja. Anasikia “ha” ya kukanusha, “wa” ya watendaji, “ta” ya wakati ujao, “tu” ya watendewa, mzizi “andik”, “i” ya kutendea na “a” ya kumalizia, kisha maana inajipanga yenyewe bila yeye kufikiri. Maneno marefu ya tiba ya Kiingereza yamejengwa kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo, isipokuwa vipande vyake vimetoka hasa katika Kigiriki cha kale na Kilatini, lugha ambazo madaktari wa Ulaya waliendelea kuzitumia katika vitabu vyao kwa karne nyingi. Hata Mwingereza asiyesomea tiba hukwama mbele ya maneno haya, kwa hiyo msomaji asijione dhaifu kwa sababu tu Kiingereza si lugha ya mama yake.

Anza mwishoni

Hatua ya kwanza ni kulitazama neno kutoka mkiani, kwa maana mkia ndio unaokwambia jambo linalozungumzwa ni la aina gani: ni ugonjwa, ni upasuaji, ni elimu, au ni kipimo. Neno likiishia na “itis”, linahusu sehemu ya mwili iliyovimba kwa joto na maumivu. Likiishia na “osis”, linataja hali fulani ya mwili, mara nyingi ya ugonjwa. Likiishia na “iasis”, nalo ni hali ya ugonjwa, na katika magonjwa ya nchi za joto mara nyingi hali hiyo imeletwa na kimelea. Likiishia na “aemia”, linazungumzia damu, kwa kuwa “haima” ni damu kwa Kigiriki. Likiishia na “logy”, ni elimu au taaluma. Na likiishia na “gram”, ni mchoro au picha inayotokana na kipimo.

Ukishautenga mkia, rudi mwanzoni na utafute mzizi. Katika “schistosomiasis”, baada ya kuondoa “iasis” unabaki na “schisto” na “som”. Hiyo “som” inatokana na “soma”, ambalo kwa Kigiriki ni mwili, na halihusiani kabisa na kusoma kwetu. “Schistos” ni kilichopasuliwa. Jina hilo limetokana na umbo la mnyoo wenyewe: dume lake lina mfereji unaopita kwa urefu wa mwili, kana kwamba limechanwa, na jike hukaa ndani ya mfereji huo. Mnyoo huo ndio Mjerumani Theodor Bilharz aliougundua mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana ugonjwa huo huo huitwa pia “bilharzia”. Kwa upande wa malale, “trypanon” ni chombo cha kutobolea, kama keekee ya seremala, na kimelea chake kilipewa jina hilo kwa jinsi kinavyojizungusha kinapokwenda. Basi mgonjwa wa kichocho ana kimelea chenye mwili uliopasuliwa, na mgonjwa wa malale ana kimelea chenye mwili kama keekee. Aliyeyaelewa haya hawezi kuyachanganya tena maneno hayo mawili, na atakapokutana na “chromosome” au “ribosome” katika somo la baiolojia, ataitambua mara moja ile “som” ya mwili.

Mkia wa “iasis” utauona pia katika “elephantiasis”, ambao ni ugonjwa wa matende, na hapo tembo anaonekana waziwazi katika jina, kwa sababu mguu wa mgonjwa hunenepa na ngozi yake hukakamaa kama ya mnyama huyo. Utauona katika “onchocerciasis”, ugonjwa wa usubi unaopofusha macho, ambao jina lake limeunganisha neno la kulabu na neno la mkia. Herufi “ch” katika neno hilo husomwa “k”, si kama “ch” ya chai, na hivyo ndivyo ilivyo katika maneno mengi yaliyotoka Kigiriki.

Mkia wa “itis” una jambo la kuvutia kwetu. Kiswahili mara nyingi huweka neno “homa” pale ambapo Kigiriki huweka “itis”: “hepatitis” ni homa ya ini, na “meningitis” ni homa ya uti wa mgongo. Katika la kwanza majina yanalingana, kwa kuwa “hepat” ni ini. Katika la pili yanatofautiana kidogo, maana “mening” ni utando, yaani zile tando zinazoufunika ubongo pamoja na uti wa mgongo, na ndizo zinazovimba. Kwa maoni yangu mwalimu anayefundisha maneno haya angefanya vizuri kuyaweka majina yote mawili ubaoni kila mara, kwa sababu jina la Kiswahili humwonyesha mwanafunzi ugonjwa anaoujua, na jina la Kiingereza humwonyesha mahali ugonjwa ulipokaa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni “poliomyelitis”. Tukitoa “itis”, tunabaki na “myel”, ambayo ni uboho au uti wa mgongo, na “polio”, ambayo ni rangi ya kijivu. Virusi vya ugonjwa huu hushambulia sehemu ya kijivu ya uti wa mgongo, na hapo ndipo kupooza kunapotokea. Sisi, kama watu wengine duniani, tumelifupisha neno tukabaki na kipande cha kwanza, na kila mzazi anayempeleka mtoto wake kupata matone ya chanjo ya polio anataja, bila kujua, rangi ya kijivu kwa Kigiriki.

Itambue herufi ya kiungo

Hatua ya pili ni kutambua kwamba herufi “o” inayojitokeza katikati ya maneno haya mara nyingi haina maana yoyote ya tiba. Ni kiungo tu, kama uzi unaoshika shanga mbili. Katika “gastroenteritis” kuna “gastr”, tumbo la chakula, na “enter”, utumbo, na kati yake imewekwa “o” ili ulimi upite. Mzizi unaofuatiwa na irabu ya mkia mara nyingi hauihitaji “o” hiyo, na ndiyo maana tunasema “gastritis” bila “o”, lakini “gastroscopy” pamoja nayo.

Kanuni hii inalifungua hata neno kama “otorhinolaryngology”, lenye herufi 19. Likate kila baada ya “o” ya kiungo: “oto” ni sikio, “rhino” ni pua, “laryngo” ni zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, na “logy” ni taaluma. Kumbe ni ile ile kliniki ambayo hospitali zetu huiandika mlangoni kwa maneno mepesi: masikio, pua na koo. Kipande cha “rhino” kimo pia katika jina la Kiingereza la kifaru, ambalo maana yake ni mwenye pembe puani.

Ukishavipata vipande vyote, vipange upya kwa utaratibu wa Kiswahili. Hapa tunayo nafuu kubwa, kwa sababu Kiswahili hutaja jambo kuu kwanza na maelezo yake baadaye. Tunasema “kuvimba kwa tumbo na utumbo”, tukianza na kile ambacho Kiingereza kimekiweka mwisho. Kwa hiyo kuanza mkiani hakutusaidii kutambua aina ya neno tu, bali pia hutupatia sentensi ya Kiswahili iliyokwisha kupangika.

Upasuaji, na herufi zinazopaswa kuogopwa

Maneno ya upasuaji yanahitaji uangalifu kuliko mengine, maana yapo matatu yanayofanana mno mikiani. “Ectomy” ni kukata na kutoa nje. “Otomy” ni kupasua ili kufungua, bila kulazimika kutoa kiungo. “Ostomy” ni kutengeneza tundu au mdomo mpya, kwa sababu “stoma” ni mdomo. Tofauti kati ya “otomy” na “ostomy” ni herufi moja tu, “s”, lakini kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa sana. “Laparotomy” ni kupasuliwa tumbo ili daktari aone au atibu kilichomo ndani, na kwa kawaida jeraha hufungwa baada ya kazi. “Colostomy” ni kutolewa sehemu ya utumbo mpana hadi kwenye ngozi ya tumbo, ili choo kipite hapo na kuingia katika mfuko, kwa muda au kwa maisha yote. “Colectomy” ni kuondolewa kwa utumbo mpana wenyewe au sehemu yake. Mtu anayetakiwa kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo limeandikwa, na nasisitiza kwamba aulize kabla ya kutia sahihi, hata kama ameshalifungua neno mwenyewe.

Katika kundi la “ectomy” utakutana na “appendicectomy”, ambako kidole tumbo huondolewa. “Tonsillectomy”, ambako tezi za kooni zinaondolewa. “Mastectomy”, ambako titi linaondolewa. Na “hysterectomy”, ambako mfuko wa uzazi unaondolewa. Neno “cholecystectomy”, lenye herufi 15, linafunguka kwa urahisi: “chole” ni nyongo, “cyst” ni mfuko, na mkia unakwambia kwamba mfuko huo umetolewa. Ukilibadilisha kuwa “cholecystitis”, mfuko ule ule wa nyongo bado upo, ila umevimba. Zoezi la kubadilisha mkia na kuacha mzizi lina faida kubwa, na mwanafunzi anaweza kulifanya kwa mizizi kumi ya viungo vya mwili, kama vile “nephr” ya figo, “cardi” ya moyo, “arthr” ya maungio, “oste” ya mfupa na “dermat” ya ngozi, akapata makumi ya maneno bila kufungua kamusi.

Upande wa mwanzo wa neno nako kuna herufi za kuogopwa, nazo ni “hypo” na “hyper”. “Hypo” ni chini au pungufu. “Hyper” ni juu au kupita kiasi. “Hypertension” ni shinikizo la juu la damu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha tu, na “hypotension” ni kinyume chake. “Hypoglycaemia” ni kupungua kwa sukari katika damu, na “hyperglycaemia” ni kuzidi kwake, ambapo “glyc” ni utamu na “aemia” ni ile damu tuliyoitaja. Maneno haya mawili yanapotamkwa haraka yanakaribiana sana masikioni, lakini mgonjwa wa kisukari aliyepungukiwa na sukari, akiwa bado na fahamu na anaweza kumeza, anahitaji kitu kitamu upesi, ilhali yule ambaye sukari yake imezidi hahitaji hata kijiko kimoja cha nyongeza. Nashauri kwamba unapoyaandika maneno haya katika daftari, uandike pembeni kwa Kiswahili “chini” au “juu”, na unapoyasikia kwa mdomo, umwombe msemaji arudie kwa maneno ya kawaida. Hakuna aibu katika hilo.

Herufi zinazosaidia na herufi zinazodanganya

Yapo mafungu ya herufi yenye sura ngeni ambayo yenyewe ni alama ya maana. Fungu la “rrh” ni mojawapo. Herufi hizo tatu kufuatana si jambo la kawaida katika Kiingereza, na mara nyingi zinapoonekana, kuna kitu kinachotiririka au kilichopasuka na kumwagika. “Diarrhoea” ni kuhara, yaani kutiririka kupita. “Gonorrhoea” ni kisonono, na “rrhoea” yake ni ule ule mtiririko. “Haemorrhage” ni kutokwa na damu kwingi, na kipande chake cha mwisho kimetokana na neno la kupasuka. Hata “catarrh”, yaani makamasi ya mafua, maana yake ya asili ni kutiririka kwenda chini. Anayeifahamu sababu hii husahau mara chache kuandika “r” mbili na “h”, kosa ambalo hata wazungumzaji wa Kiingereza hulifanya kila siku.

Hata hivyo, herufi zile zile zinaweza kukupotosha. “Cirrhosis”, ugonjwa unaoliacha ini likiwa na makovu, una “rrh” ndani yake, lakini hauna kinachotiririka. Jina hilo lilitolewa na daktari wa Ufaransa, René Laennec, yule yule aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816, na alilitoa katika neno la Kigiriki la rangi ya hudhurungi iliyoelekea manjano, kwa sababu hiyo ndiyo rangi aliyoiona kwenye ini lililoharibika.

Fungu la “ped” nalo linahitaji tahadhari. Katika “pedestrian”, mtembea kwa miguu, limetoka katika Kilatini na maana yake ni mguu. Katika “paediatrics”, tiba ya watoto, limetoka katika Kigiriki na maana yake ni mtoto. Uandishi wa Kiingereza cha Uingereza, ambao ndio unaofundishwa katika shule zetu, unatusaidia kwa kuweka “a” kabla ya “e” pale panapohusu mtoto, lakini Wamarekani wameiondoa. Wengi hudhani kwamba “orthopaedics” inahusu miguu au mifupa kwa asili ya neno lenyewe, hasa sisi tunaolijua kutokana na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, inayolibeba neno hilo katika jina lake la Kiingereza. Ukweli ni kwamba neno hilo lilibuniwa na Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kwa kuunganisha “kunyoosha” na “mtoto”, kwa kuwa alikuwa akiandika juu ya kurekebisha maumbile ya watoto yaliyopinda. Kazi ya madaktari hao imepanuka kupita jina lake.

Kuna pia “my”, “myc” na “myel”, ambazo mtu akisoma haraka huziona kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni msuli, ya pili ni kuvu, na ya tatu ni uboho au uti wa mgongo. Vivyo hivyo “ileum” ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na “ilium” ni mfupa wa nyonga. Kwa maneno kama haya hakuna kanuni itakayokuokoa isipokuwa kusoma polepole, herufi kwa herufi, na kutazama sentensi inazungumzia nini.

Kuhusu hiyo “ae” na mwenzake “oe”, jambo lenye manufaa ya haraka ni hili: usipolipata neno katika kamusi au mtandaoni, jaribu kuondoa herufi ya kwanza kati ya hizo mbili. “Anaemia” ya Uingereza ni “anemia” ya Marekani, na “oesophagus”, umio, huandikwa “esophagus”, kwa hiyo katika kamusi ya Kimarekani haliko kwenye O bali kwenye E.

Matamshi nayo yasiachwe. Maneno yanayoishia na “itis” na “osis” hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya katika Kiswahili, na “itis” husomwa “aitis”. Yale ya “logy”, “ectomy”, “otomy” na “iasis” hukazwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na hapo ulimi wetu huteleza kwa mazoea. Herufi “p” iliyotangulia “s” au “n” mwanzoni mwa neno haitamkwi, kama ilivyo katika “psychology” na “pneumonia”.

Kwa mazoezi, chukua neno “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”, lenye herufi 45. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, ili liwe refu kuliko mengine, na madaktari wenyewe hutumia “silicosis” tu. Anza mkiani: “osis” ni hali ya ugonjwa, na “coni” ni vumbi. Rudi mwanzoni: “pneumono” ni mapafu, “ultra” ni kupita, “micro” ni dogo, “scopic” ni la kuonekana, “silico” ni silika, ile inayopatikana katika mchanga na miamba, na “volcano” ni volkano. Yapange kwa Kiswahili, ukianza na jambo kuu: ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika la volkano, lililo dogo mno kupita kiasi cha kuonekana kwa hadubini. Kisha funika ukurasa huu, uliandike neno zima kwa kukumbuka vipande vyake vinane, na uhesabu kama herufi 45 zimetimia.